Kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, pimeni propela na kimo cha mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wavuvi, wenye boti za abiria na wale wanaowauzia au kuwakopesha mashine jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likiwatia hasara bila wao kulitambua. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kilwa Masoko, kazi niliyoianza nikiwa kijana wa kumshikia mjomba wangu tochi na spana, na kwa uzoefu wangu mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimenoki hazikuuawa na ubovu wa kiwandani wala na petroli chafu. Ziliuawa na propela isiyolingana na chombo, au na kufungwa juu mno au chini mno pale tezini, yaani nyuma ya chombo, na mara nyingine na yote mawili kwa pamoja.

Mwaka juzi, kusi lilipokuwa linaanza, alinijia nahodha mmoja wa Songosongo, mtu mzima ambaye namheshimu kama baba yangu. Mashua yake ni ya mbao, ina urefu wa mita 8, na kwa kawaida hubeba nyavu, barafu na watu sita. Alikuwa ameifungia mashine mpya ya farasi 15, ya mipigo miwili, na baada ya miezi minne tu silinda ya juu ilikuwa imekwaruzika na ringi zimenata kwa masizi. Aliniambia, “Fundi, mashine za siku hizi ni feki. Itengeneze niiuze, nitafute ya 25.” Nikamjibu, “Mzee wangu, nitaitengeneza, lakini kabla hujaiuza naomba twende tukaitazame ikiwa kazini.” Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa amekwisha kupata mnunuzi.

Tulitoka na mzigo wake wa kawaida, nikiwa nimezungusha waya wa kipima mizunguko kwenye waya wa plagi. Kijitabu cha mashine ile kinasema kwamba mafuta yakifunguliwa yote inapaswa kufikia kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Yake ilifika 4,000 ikagota hapo, ikinguruma kwa sauti nzito kama mtu anayesukuma mkokoteni uliozama mchangani. Propela yake ilikuwa imegongwa namba 9 1/4 x 12. Nilipoitoa na kumfungia yenye namba 9 1/4 x 9, kwa mzigo uleule na bahari ileile, mashine ilipanda hadi 4,600, na mashua ikiwa tupu ilifika takriban 5,100. Mwendo haukupungua hata kidogo, na siku chache baadaye nahodha mwenyewe aligundua kwamba hahitaji tena kufungua mafuta yote ili awahi mnadani. Mashine ile hakuiuza, na mpaka leo anaitumia.

Namba hizo mbili ndizo ambazo ningependa kila mwenye chombo ajue kuzisoma. Ya kwanza ni kipenyo cha propela kwa inchi, yaani upana wa duara ambalo ncha za mabawa hulichora propela inapozunguka. Ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ni hatua ya propela, yaani masafa ambayo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita ndani ya kitu kigumu, mfano wa skrubu inayoingia kwenye ubao. Propela yenye hatua ya 12 ingesonga inchi 12 kwa kila mzunguko, na yenye hatua ya 9 ingesonga inchi 9. Kwa kuwa maji si ubao, sehemu ya safari hiyo hupotea kila mara, na chombo kikiwa kizito hupotea zaidi.

Hebu tuipigie hesabu mashua ile. Gia za mashine ya aina hiyo huupa mhimili wa propela mzunguko mmoja kwa kila mizunguko miwili na kidogo ya mashine, kwa hiyo mizunguko 4,000 ya mashine ni takriban mizunguko 1,920 ya propela. Ukizidisha kwa inchi 12 unapata mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa. Mashua ya mbao yenye urefu wa mita 8 na tumbo la duara haiwezi kufika huko hata kwa dawa, kwa sababu chombo cha namna hiyo hakipandi juu ya maji bali hupita ndani yake, na kikikaribia kilomita 13 kwa saa hujikuta kinapanda mlima wa wimbi lake chenyewe. Ukikifungia propela iliyokusudiwa kilomita 35, unailazimisha mashine ibebe mzigo usio wake kila siku, kutoka alfajiri mpaka kurudi pwani.

Kwa nini basi mashine inakuja na propela hiyo? Propela inayofungashwa na mashine huchaguliwa ili imfae mnunuzi wa wastani, na mnunuzi huyo mara nyingi ana boti nyepesi inayoteleza juu ya maji ikiwa na watu wawili au watatu. Simlaumu aliyeiweka kwenye boksi, kwa sababu hawezi kujua kama mashine itakwenda kwenye boti ya faiba ya Msasani au kwenye mashua ya Songosongo. Anayeweza kujua ni muuzaji aliyesimama mbele ya mteja, na ni wachache sana kati yao wanaouliza chombo kina urefu gani, kimetengenezwa kwa nini na kinabeba nini.

Mashine inayozunguka polepole huku mafuta yamefunguliwa yote inafanana na gari linalopandishwa mlima kwa gia kubwa. Moto ndani ya silinda unakuwa mkali, lakini pampu ya maji ya kupoozea, inayotegemea mizunguko hiyohiyo, inasukuma maji machache. Masizi yanajaa kwenye ringi na kwenye njia ya moshi, kisha siku moja pistoni inanata, na mwenye mashine anaambiwa alichanganya oili vibaya. Kosa la upande wa pili lipo pia, hasa kwenye boti nyepesi za faiba: propela yenye hatua ndogo mno huiacha mashine izunguke kupita kiwango chake, nayo huchakaa haraka bila boti kupata mwendo wowote wa ziada. Kanuni ambayo mafundi tunaitumia ni kwamba kila inchi moja ya hatua unayoipunguza huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, na ukiongeza hatua mizunguko hupungua vivyo hivyo. Ukishajua mashine inafika ngapi na inatakiwa kufika ngapi, propela unayoihitaji unaihesabu kwa vidole.

Jaribio lifanyike kwa mzigo wa kila siku, wala si siku ya kukabidhiana boti, ambapo watu wawili hupita mbele ya wageni huku omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, limeinuka. Boti ikibeba abiria 20 ipimwe na uzito wa abiria 20, hata kwa viroba vya mchanga. Na anayetumia kipima mizunguko ahakikishe amekiweka kwenye aina sahihi ya mashine, mipigo miwili au minne, kwa sababu nimewahi kuona kinasoma maradufu ya ukweli na fundi akaamini. Wenye mashine za mipigo minne wasichukue kiwango nilichokitaja hapo juu: nyingi kati ya hizo hutakiwa kufika 5,000 hadi 6,000, na kijitabu cha kila mashine ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa nije kwenye kimo, ambacho nakiogopa kuliko propela, kwa kuwa propela mbaya hula fedha tu na kimo kibaya kinaweza kula watu. Juu kidogo ya propela kila mashine ina bapa pana la alumini lililolala kama kiganja kilichofunguliwa. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka usoni mwa maji. Ili kujua kama mashine imekaa vizuri, vuta chombo pwani, simamisha mashine wima, chukua ubao mrefu ulionyooka, ulaze chini ya chombo ukifuata mstari wa mkuku, yaani mti mrefu wa chini kabisa wa chombo, kisha uache ncha yake ipite nyuma mpaka ifike kwenye mashine. Kwa boti ya faiba yenye chini bapa, ncha ya ubao inapaswa kulingana na bapa hilo au kuwa juu yake kwa sentimita mbili na nusu hivi. Kwa mashua yenye mkuku mnene, bapa linahitaji kushuka zaidi, sentimita 3 hadi 5 chini ya mkuku kwa uzoefu wangu, kwa sababu mkuku huacha nyuma yake mkondo wa maji yaliyovurugika na kujaa povu, na propela ikizunguka ndani ya povu haishiki kitu.

Kipimo hiki hupaswa kuanza kabla ya kununua, kwa kuwa mashine huja na shingo za urefu tofauti. Fupi imekusudiwa ubao wa tezi wenye kimo cha takriban sentimita 38, na ndefu sentimita 51, kuanzia juu ya ubao pale mashine inaponing'inia mpaka chini ya chombo. Ipo na ndefu zaidi ya hiyo, ya sentimita 63 hivi. Wengi wanaonunua mashine za mtumba hawaulizi habari hii. Huiona bei, huisikia ikiwaka ndani ya pipa la maji, wanaibeba, na wanapofika pwani hukuta mashine ya shingo fupi haifiki majini.

Hapo ndipo msumeno hutolewa, na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mkono uliokata ulikuwa wangu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliukata ubao wa tezi wa boti moja ili mashine ya shingo fupi ishuke. Propela iliingia majini, mashine ikavuta vizuri, mwenye boti akanilipa na kunishukuru. Wiki chache baadaye walikuwa wanarudi pwani upepo ukiwapiga kwa nyuma, nahodha akapunguza mwendo ghafla ili akwepe nyavu za watu, na wimbi lililokuwa likiwafuata likaingia pale nilipokata. La pili halikuwapa nafasi ya kuteka. Waliokolewa wote na ngalawa iliyokuwa karibu, lakini boti, nyavu na mashine vilikwenda. Tangu siku ile sikati tezi ya mtu. Mashine ikiwa fupi namwambia mwenyewe aibadilishe, au atengenezewe kisanduku cha kuzuia maji mbele ya sehemu iliyoshushwa, kirefu cha kutosha kulirudisha wimbi na chenye tundu la kumwaga maji nyuma.

Mashine iliyo juu mno hujitangaza yenyewe. Boti ikikata kona au ikipanda wimbi, mlio hupanda ghafla kama yowe, chombo kinapoteza nguvu, kisha propela inashika tena kwa kishindo. Kila yowe la namna hiyo ni pigo kwa gia. Tena matundu ya kunyonyea maji ya kupoozea yako pale chini, karibu na propela, na mashine inayovuta hewa kwenye propela ni rahisi kuvuta hewa na kwenye pampu pia, mpaka ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ukatike. Iliyo chini mno haipigi kelele, ndiyo maana huvumiliwa. Huburuta maji, hurusha maji tezini, na chombo kikisimama na mzigo kamili kichwa cha mashine kinakaribia usawa wa bahari, ambapo chumvi hula waya na kabureta. Kushusha au kupandisha kufanyike kidogo kidogo, tundu moja la boliti kwa wakati mmoja au kwa kipande cha ubao wa kunyanyulia, na kila baada ya badiliko chombo kirudi majini kupimwa.

Wenye vyombo vilivyochongoka tezini, kama madau na mitumbwi mikubwa, wanaofunga mashine ubavuni kwenye mkono wa mbao, wana tabu yao ya peke yake: chombo kikilalia upande mmoja propela inazama, kikilalia upande wa pili inatoka majini. Kwao mashine ya shingo ndefu si anasa, na mkono huo uwe karibu na mstari wa katikati kadiri inavyowezekana.

Lakini mlio kupanda bila chombo kwenda si lazima uwe wa kimo. Ndani ya kitovu cha propela kuna mpira ulioshindiliwa ili uteleze propela ikigonga mwamba na kuziokoa gia. Mpira huo ukichoka huteleza hata bila mwamba, na nimeona watu wakishusha mashine, wakibadili propela, hata wakifungua gia boksi, kumbe tatizo ni hilo tu. Chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje, uiache ikauke, kisha endesha chombo kwa nguvu. Ukirudi ukakuta mstari umekatika na nusu zake hazitazamani, mpira umekwisha.

Propela iliyogonga mwamba ikanyooshwa kwa nyundo au kuchomelewa nayo isirudishwe hivihivi. Ilaze juu ya meza iliyo sawa, pima kwa rula ncha na ukingo wa kila bawa kutoka kwenye meza, na kama mabawa matatu yanatoa vipimo vitatu tofauti, hiyo ni propela yenye hatua tatu kwa wakati mmoja. Mtetemo wake hula sili za mhimili, maji ya chumvi yanaingia kwenye gia, na siku ya kubadili oili inatoka nyeupe kama maziwa. Kwa pwani yetu yenye miamba na mafungu napendelea propela za alumini kuliko za chuma cha pua, kwa sababu ya alumini huvunjika yenyewe na kuziacha gia salama.

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wana jambo la ziada ambalo sisi wa pwani hatulijui. Ziwa lile liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mashine isiyo na kifaa cha kujazia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo mashine ya farasi 15 iliyojaribiwa Dar es Salaam, ikifika Mwanza, Musoma au Bukoba ina nguvu pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Propela iliyoifaa pwani itakuwa nzito kule, na kwa kawaida hupaswa kushushwa hatua kwa inchi moja hivi. Kigoma nako, kwenye mita 770 na ushee, upungufu upo ingawa ni mdogo zaidi. Anayenunua boti na mashine kwa jumla ili azigawe pwani na maziwani kwa propela ya aina moja, atakuwa amekosea upande mmoja au pande zote mbili.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa wahusika. Wauzaji wa mashine wakubali kwamba propela mpya iliyojaribiwa kwa saa moja na ikaonekana haifai, ikiwa haina mkwaruzo, ibadilishwe kwa nyingine ya mashine hiyohiyo bila mteja kununua upya. Wanaowakopesha wavuvi boti na mashine, wawe wa serikali, benki au mashirika, waongeze mistari mitatu kwenye hati ya makabidhiano: namba ya propela, tofauti kati ya bapa la mashine na mkuku kwa sentimita, na mizunguko iliyofikiwa kwa mzigo kamili mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Mkopo wa miaka kadhaa hauwezi kulipwa na mashine itakayonoki baada ya miezi minne. Wakaguzi wa vyombo vidogo, ambao huangalia maboya na idadi ya abiria, waitazame pia tezi iliyokatwa. Na FETA, yaani wakala wa serikali wa elimu na mafunzo ya uvuvi, ambayo ina kampasi Mbegani, Mikindani, Nyegezi na Kibirizi, ingefanya kazi kubwa ikiwaita mafundi wa mitaani kama mimi kwa mafunzo ya siku mbili tu ya kupima, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kufungua mashine lakini hatukufundishwa kuitazama ikiwa kazini.

Kuna watakaosema kipima mizunguko ni gharama. Kidogo cha kuzungushia waya kwenye plagi hakizidi bei ya safari chache za petroli, na kikundi cha BMU, yaani kile cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, kikinunua kimoja kinatosha kwa bandari nzima, kwa sababu kila chombo hukihitaji kwa nusu saa. Mimi hapa Kilwa ninazo propela tatu za kujaribia za mashine ya farasi 15, zenye hatua ya 8, ya 9 na ya 11, na nahodha yeyote anaweza kuziazima kwa asubuhi moja kabla hajatoa fedha zake dukani, mradi aje na mzigo wake.

Wako,
Fundi wa mashine za boti,
Kilwa Masoko